Pazia la Chumba cha Mgeni

Nyumba yangu haihitaji maelekezo marefu. Ukishuka stendi ya Tukuyu muulize yeyote nyumba ya Mama Stashahada, naye atakunyooshea kidole kwenye vigae vya buluu vinavyoonekana juu ya migomba ya majirani wote. Jina hilo walinipa kwa utani, nami nimeliacha likae kwa sababu ni la kweli. Stashahada ya ubunifu wa mavazi ninayo, iko kwenye fremu, imetundikwa dukani juu ya cherehani za umeme, na hakuna mjomba wala shangazi aliyenishika mkono kuipata. Nimeshona Dar es Salaam, nimeshona Gaborone, nimewapima viuno wake wa wakubwa ambao hawakujua kama Tukuyu ni mji au ni ugonjwa. Nikarudi kwetu kwa miguu yangu, na mizigo yangu ilijaza lori. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba anayeandika si mtu wa kulialia. Nimelia mara chache sana katika maisha yangu. Lakini mwezi uliopita nililia dukani mbele ya mteja, pini zikiwa mdomoni, na ikabidi mteja mwenyewe anitoe zile pini kabla sijazimeza.

Aliyepiga simu alikuwa Lusajo, mtoto wa Sekela wa Nkunga. "Mama mdogo Atupele," alisema, na kwa namna alivyolitaja jina langu nikajua. "Mama ametutoka. Alikuwa anakoka moto wa chai ya kanisani. Walimkuta ameegemea ukuta kama mtu aliyesinzia." Nikamuuliza atazikwa wapi, akasema nyumbani Nkunga, pale pale kwa babu. Akaongeza: "Nataka umshonee vazi lake wewe. Mama alisema siku zote fundi ni wewe, wengine wanaunga-unga." Hapo ndipo zile pini zilipokaribia kuniua. Sekela, ambaye kazi yangu ya kwanza nilimshonea yeye, alikuwa bado ananisifia kazi hiyo, kazi ambayo mwisho wake ulimvunja moyo, ukamvunja na yeyote aliyekuwapo.

Mwaka wenyewe ni ule maduka ya Tukuyu yalipojaa tena. Kabla yake tulikuwa tumezoea rafu tupu na sabuni ya kugawana. Ghafla ikawa ruksa, kila kitu kikaingia, na marobota ya mitumba yakafunguliwa sokoni kama maboga yaliyopasuka. Wazee wa vijijini walishuka mjini na jembe begani wamevaa makoti ya manyoya ya wanawake wa Ulaya, kwa kuwa Tukuyu ni baridi na koti ni koti. Mimi nilikuwa binti niliyemaliza kidato cha nne, najifunza kushona katika darasa la kanisa la Kianglikana upande wa Bulyaga, nalala kwa Padri. Darasa lilikuwa linakufa. Nani ashonewe gauni wakati gauni zima limeletwa na meli? Wenzangu waliondoka mmoja mmoja, nikabaki mimi na cherehani ya kukanyaga iliyokuwa inakohoa kuliko kushona. Wengine wangekata tamaa. Mimi nilijiambia kwamba watu wote wakiacha kushona, fundi atakayebaki atakuwa malkia. Na ndivyo ilivyokuwa, mnaweza kuja kuona vigae.

Kanisa lenyewe lilikuwa dogo, la matofali ya kuchoma yaliyoota ukungu wa kijani kwa mvua isiyokatika. Rungwe ni nchi ya Wamoraviani na Walutheri. Sisi tulikuwa masalia. Karani aliyehamishwa kutoka Masasi, askari wa Newala, muuguzi wa Njombe, na Wanyakyusa wachache ambao ndugu zao walisema wamepotea njia. "Ninyi ni Waroma waliooa," alitutania Bi Zuhura, jirani yetu Mwislamu aliyeuza vitumbua asubuhi na mitumba mchana, kila alipomwona Padri Anselmi akitoka na moshi wa ubani kwenye joho huku mkewe, Mama Padri, akimfuata nyuma na kumkumbusha kuni zimekwisha. Lakini hakuna aliyetoka pale na njaa. Ikiingia sura isiyojulikana katikati ya Misa, kabla ya baraka ya mwisho ungesikia viatu vya mama mmoja vikinyata kwenda jikoni kuongeza maji kwenye sufuria. Chai ya maziwa, magimbi ya kuchemsha, na siku njema ndizi zilizopikwa na maharage mpaka zikashikana. Nyuma ya jiko kulikuwa na chumba cha mgeni chenye kitanda cha kamba, kwa yeyote aliyekosa gari la Kyela au la Mbeya. Mlango wake ulikuwa na kitasa zamani. Padri Anselmi alikuwa kijana bado, mtu wa kwao Masasi, mwenye kicheko cha kujaza chumba. Wiki aliyohamia alikitoa kitasa kile kwa bisibisi yake, akasema nyumba ya Mungu haina cha kufunga. Nakifikiria sana kitasa kile. Alikuwa mtu mwema kuliko wote niliowahi kuishi nao, Dar na Gaborone nikizijumlisha, na hakuweza kuona kitu kimefungwa asikifungue.

Msomaji wetu wa kanisa alikuwa Mzee Ambakisye wa Nkunga, mkulima wa chai na ndizi, mrefu, mwenye sauti iliyofanya hata orodha za majina ya Agano la Kale zisikike kama habari njema. Kila Jumapili alishuka na mwavuli mweusi, na nyuma yake, mbali kiasi cha kuona mwavuli tu, alikuja Sekela na mtoto mgongoni. Sekela alikuwa mkamwana wake, mke wa mwanawe. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si ugomvi, ni heshima, na ni heshima nzito kuliko zote tulizonazo. Mkamwana hataji jina la mkwewe, hakai naye chumba kimoja, hamtazami usoni. Akimwona njiani anaingia migombani mpaka apite. Vijana wa mjini walikuwa wameanza kuiacha mila hiyo. Nkunga bado ilikuwa mila. Sekela alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na Mzee aliposimama kusoma alijifunika kanga usoni akamsikiliza hivyo. Kwenye Ushirika Mzee alitangulia wa kwanza, yeye akaja wa mwisho kabisa, ameinama.

Katika nyumba yenye watu wengi mila hii haisumbui, kwa kuwa kuna wa kupitisha maneno na vyakula. Lakini nyumba yao ilikuwa imebaki na watu wawili wazima. Mama mkwe alikwisha kufa. Mume wa Sekela alikwenda Dar kulitafuta soko huria, likamla. Hakurudi, wala salamu hazikurudi. Wakabaki mtu na mkwewe, na mtoto Lusajo ambaye alikuwa bado anatambaa. Nilikwenda kwao Jumamosi moja kula, nikaketi jikoni na Sekela, na hapo ndipo niliposikia mazungumzo ambayo mpaka leo sijasikia mfano wake. Mzee alikuwa uani, mgongo ameuelekeza kwetu, anazungumza na kuku.

"Gwe kuku," alisema kwa sauti yake ya kanisani, "mwambie mwenye jiko kwamba chumvi leo imeogopa kuingia chunguni."

Sekela aliendelea kumenya ndizi, akaliambia jiko: "Gwe jiko, mwambie mwenye nyumba chumvi imekuwa na maringo tangu biashara iwe huria."

"Kuku, muulize kama maringo hayo yameingia na kwenye maziwa, maana sijayaona."

"Jiko, mwambie afunue kawa, asimsumbue kuku wa watu."

Nikacheka mpaka nikapaliwa. Sekela hakucheka, alikuwa anatabasamu chini, kwenye maganda. Chakula alikiweka juu ya kigoda nje ya mlango, akakohoa, akarudi ndani, na Mzee akakohoa naye kuonyesha kwamba amekipata. "Sikupata baba," aliniambia. "Wangu alikufa sijatembea. Huyu ndiye baba yangu, mdogo wangu, na uso wake siujui. Namjua kwa mgongo na kwa kikohozi." Alisema bila huzuni, kama mtu anayetaja mipaka ya shamba lake.

Kisha kile kikohozi kikabadilika. Kilianza kama mafua ya mvua, kikashuka kooni, na baada ya kwenda na kurudi hospitali waganga wakasema ni uvimbe, apelekwe nyumbani apumzike. Wote tulijua maana ya kupumzika. Nkunga hakukuwa na mwanamume wa kumwogesha wala wa kumgeuza kitandani, na Sekela hakuweza kuvuka kizingiti chake. Baada ya Misa, mbele ya chai, Padri Anselmi akasema chumba cha mgeni kipo, na wanaume wa kanisa watapeana zamu. Hakuna aliyebisha. Karani, askari na wengine walimwogesha Mnyakyusa yule kama baba yao mzazi, na askari ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wote katika kunyoa. Sekela alihamia jikoni kwetu na Lusajo. Jioni ya kwanza alinivuta pembeni penye mabanzi ya kuni.

"Atupele, nakwambia wewe kwa sababu wewe una akili," alisema, nami sikumpinga. "Sitaki kitu kingine. Nataka mwenye nyumba asife mikononi mwa wageni wakati mimi nipo. Nataka nimlishe mwenyewe mpaka mwisho, na nimlishe kwa heshima, nisimwaibishe. Nitafanyaje?"

Hapo ndipo akili yangu ya ufundi ilipofanya kazi kwa mara ya kwanza, na sijapata kuwa na wazo bora kuliko lile, pamoja na shule yote niliyokwenda baadaye. Nilikwenda kwa Bi Zuhura nikamwomba anitafutie nguo nzito. Akafukua robota lake akatoa pazia la Kizungu, la maua ya zambarau, refu kama safari. "La mgonjwa halina bei," akasema, "ila mwambie Mzee aniombee kwa Mungu wenu wa moshi." Nililikata, nikalipinda, nikalikunjia juu mifuko ya kupitisha waya, nikashona siku nzima na ile cherehani yenye kifua. Tukafunga waya kutoka ukuta mpaka ukuta, katikati ya chumba cha mgeni. Upande wa dirisha kitanda cha Mzee. Upande wa mlango kigoda cha Sekela. Mzee alipoelezwa, alisema, "Ndaga. Ndaga fijo," akishukuru, na machozi yakamshuka masikioni kwa vile alikuwa amelala chali.

Wiki zile ndizo ninazozikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu. Mimi nilikaa penye ukingo wa pazia, mkono mmoja kwa huyu na mmoja kwa yule. Sekela aliupoza uji kwa kuupuliza, akanipa kijiko, nami nikakipitisha; lakini kipimo kilikuwa chake. Alikuwa anasikiliza. Alijua kwa pumzi ya Mzee lini amemeza na lini bado, na mara nyingi alinizuia mkono mimi niliyekuwa nikimwona. Maneno nayo yalipita kwangu. "Atupele," alisema Mzee siku ya kwanza, sauti ikikwaruza, "huku mjini hakuna kuku wa kuaminika. Kuku sasa ni wewe." Basi nikawa kuku. Mwambie mwenye jiko uji wa leo una heshima zake. Mwambie mwenye nyumba amalize, asitafute sifa. Mwambie mwenye jiko mtoto amepiga hatua, nimemsikia. Mwambie mwenye nyumba amepiga na ameanguka, kama ukoo wao. Kila nilipopeleka neno nilikaa kimya kidogo kusubiri jibu, kwa maana ndiyo kazi yenyewe ya anayetumwa; na wakati wa kusubiri nilisikia pande zote mbili za pazia wakijizuia kucheka. Jumapili Padri aliacha mlango wa kanisa wazi ili Misa ifike mpaka kule nyuma, na niliwasikia wakiitikia sala pamoja, sauti mbili, kitambaa kimoja katikati.

Padri Anselmi aliiona furaha ile kama jeraha. Chumba changu kilitenganishwa na cha kwao kwa mbao tu, na jioni moja niliwasikia wakibishana huku Mama Padri akikunja nguo.

"Amemlisha miaka yote hii, hajauona uso wake," alisema Padri. "Mtu anakufa, mama. Anakufa bila kuonwa na mwanaye pekee aliyebaki. Huo si upendo, ni kifungo."

"Nani amekwambia wamefungwa? Umewauliza?"

"Utamuuliza mfungwa kama anataka kufunguliwa?"

"Baba Padri," mkewe alisema, na nilisikia shati likipigwa kofi ili linyooke, "kwenu Masasi mna yenu, na kwetu Njombe tuna yetu. Pazia lile ameshona binti kwa kuombwa. Liache lilipo."

Padri akazima taa. Nilidhani ameelewa. Nadhani naye alidhani ameelewa.

Jumapili aliyompaka Mzee mafuta ya wagonjwa ilikuwa ya manyunyu, ile mvua ya Tukuyu isiyoamua. Kanisa zima lilifuata kutoka Misa, likajaa mlangoni na kwenye varanda, na Bi Zuhura naye akasimama nje dirishani na sinia lake la vitumbua kichwani. Chetezo kilikuwa bado kinafuka, chumba kikajaa moshi wa ubani. Sekela alikuwa kwenye kigoda chake na bakuli la uji, nami ukingoni pangu. Padri alimpaka Mzee mafuta kwenye paji na viganjani, akasali, akalia kidogo kwa kuwa alimpenda. Kisha akaanza kusema mambo ambayo hayakuwa kitabuni. Alisema habari ya pazia la hekalu lililopasuka Bwana alipokufa. Alisema ndani ya Kristo hakuna mgeni, hakuna ukuta, hakuna aliye nyuma ya mwingine. Nilimwona Mama Padri akitikisa kichwa upande wa pili, haraka haraka. Yeye hakumwona, au alimwona akadhani analia. "Mwanangu Sekela," alisema kwa sauti ya upole mno, "mtazame baba yako." Akalishika pazia kwa mikono miwili, akalivuta.

Waya ulilia. Nilikuwa katikati yao, kwa hiyo niliona pande zote. Macho ya Mzee yalikuwa wazi. Ya Sekela yalikuwa wazi. Walitazamana kwa muda wa mtu kuvuta pumzi moja, binti na baba, na kwa pumzi ile niliona nyuso zao zote mbili zikiwa uchi kuliko uchi wa mwili. Sekela hakupiga kelele, wala bakuli halikumwanguka. Aliliweka sakafuni taratibu, pembeni, pasipo na miguu ya watu. Akajifunika kanga kichwa na uso, akatoka kinyumenyume ameinama, na watu waliosongamana mlangoni wakampisha kwa namna ambayo sikujua watu wengi vile wanaweza kupisha. Na Mzee Ambakisye, ambaye kwa wiki nyingi hakuweza kujigeuza bila mikono ya wanaume wawili, alijigeuza mwenyewe. Akageukia ukuta. Padri alibaki ameshika pazia kama mtu aliyeshikishwa nguo ya marehemu. Bi Zuhura, kule dirishani, akasema kwa sauti ya chini: "Padri, rudisha." Akalirudisha. Hapakuwa tena na mtu upande wa pili.

Sekela alimchukua Lusajo akaenda kwao Nkunga kwa miguu, na mvua ikiwa imeamua sasa. Usiku ule Mzee hakula. Asubuhi aliniita kwa kidole. Sauti ilikuwa imekwisha kabisa, nikaweka sikio mdomoni pake.

"Kuku upo?"

"Nipo, Mzee."

"Mwambie mwenye jiko..." Akapumzika. "Mwambie sikumwona. Nilikuwa nimefumba macho."

Nilikuwapo. Nilijua. Nikasema, "Nitamwambia hivyo hivyo, Mzee." Nikadandia lori la majani ya chai, nikashuka Nkunga nimelowa mpaka mifupa. Sekela alikuwa jikoni, moto umezimika, ameketi kama mgeni katika nyumba yake. Hakutaka kunitazama hata mimi. "Nimemwaibisha," alisema. "Mtu mzima anakufa na aibu yangu machoni." Nikampa neno lake lote, kama lilivyo. Alilisikiliza huku ameshika magoti. Halafu bega lake likaanza kutikisika, na sikujua kama ni kicheko au kilio mpaka alipoinua uso, nikaona ni vyote viwili.

"Mwongo huyu," alisema. "Mwongo mzuri huyu." Akafuta pua, akakoka moto kwa haraka, akapika uji, akauchuja, akautia kwenye chupa ya chai yenye maua. "Mwambie mwenye nyumba nami sikumwona. Mwambie moshi wa ubani ulinijaa machoni. Mwambie pazia likirudishwa vizuri nitakuja kesho na mapema, asijifanye ameshiba. Kimbia, mdogo wangu."

Nilikimbia. Lori halikupatikana, nilikwenda kwa miguu na kwa baiskeli ya mtu na kwa miguu tena. Nilipofika kona ya Bulyaga nilisikia kengele ya kanisa, kengele ya siku isiyo ya Misa, inayogonga mara moja na kunyamaza, mara moja na kunyamaza. Nikaingia chumba cha mgeni na chupa mkononi. Mama Padri alikuwa amekwisha kumfunga kidevu kitambaa. Mzee bado alikuwa ameelekea ukutani. Nilifungua chupa, sijui kwa nini, na mvuke wa uji ukatoka, wa moto kabisa.

Tulimzika Nkunga, kwa sala zetu na kwa ngoma zao. Sekela aliomboleza kutoka migombani, mbali, mahali ambapo mkamwana anatakiwa aombolezee, na sauti yake ndiyo iliyosikika kuliko zote. Nilimwambia kwamba nilichelewa. Akaniambia, "Hukuchelewa wewe," basi, hatukulisema tena. Padri Anselmi alipungua mwili kwa miezi michache mpaka joho likawa linamtembea. Mtu mmoja alimweleza habari za kuku, akapanda Nkunga peke yake. Lusajo hakumbuki, alikuwa mdogo, lakini majirani waliona na waliniambia: Padri alisimama uani kwenye mvua, mgongo ameuelekeza jikoni, akasema kwa lafudhi yake ya Kimasasi, "Gwe kuku, mwambie mwenye jiko kwamba nilidhani nafungua mlango." Jikoni hapakujibu kitu. Alisimama mpaka akalowa, akaondoka. Jumapili kadhaa baadaye Sekela alirudi kanisani, lakini hakuingia. Aliingia jikoni, akakoka moto wa chai ya wageni, akaisikiliza Misa kupitia ukuta. Padri alilitungua lile pazia la zambarau akalitundika mlangoni pa jiko kwa mkono wake, na tangu siku hiyo Ushirika alimpelekea pale, akinyoosha mkono ndani ya pazia bila kuchungulia. Kila padri aliyekuja baada yake aliachiwa maagizo hayo. Mwaka ulipokwisha mimi niliondoka Tukuyu kwenda kujitengeneza, na nilijitengeneza. Katika miji ile kulikuwa na makanisa yenye makaribisho makubwa yaliyoandikwa getini kwa rangi. Nilikaa ndani yake nikimtafuta mtu mmoja anayejua kumsikiliza mwenzake akimeza.

Niliporudi nilimkuta Sekela palepale jikoni. Pazia limepauka, maua yamebaki kama madoa ya zabibu, lakini pindo langu halikuachia uzi hata mmoja. "Tazama," aliniambia Sekela akilivuta kunionyesha, mvi zimemjaa, "wewe ni fundi." Kila Jumapili nilikaa naye jikoni, mimi na stashahada yangu, tukimenya magimbi.

Kwa hiyo nilimshonea vazi jeupe, kazi ya mkono mtupu, cherehani nikaiacha. Siku ya mazishi nikapanda Nkunga na gari langu, na katika kifurushi changu nilikuwa na lile pazia, nimeliomba kwa wamama wa jikoni. Nilipofika nikakuta Lusajo, mwanamume mzima mwenye kampuni yake ya vigae Mbeya, amechimba kaburi la mama yake ubavuni kabisa mwa kaburi la Mzee, ameezeka bati moja juu ya yote mawili.

"Lusajo, unamlaza mama yako ubavuni kwa mkwewe?"

"Mama mdogo, hao ni marehemu," alisema kwa upole. Alikuwa amekesha, macho mekundu. "Babu alimpenda. Mama alimpenda babu. Niliona wakae pamoja."

Nilimtazama nikamwona Padri Anselmi kabisa, upendo ule ule. Sikumgombeza. Saruji ilikuwa imekwisha kukauka. Niliwaita wanawake wanne wa kanisani, Wanyakyusa wawili na Wamasasi wawili, nikawapa kila mmoja pembe yake. Jeneza lilipotoka nyumbani walinyanyua pazia upande wa kaburi la Mzee wakatembea nalo hivyo, ukuta wa maua yaliyopauka, mpaka jeneza likashuka. Vijana waliuliza kulikoni. Wazee wa Nkunga hawakuuliza. Niliwaona wakivua kofia. Kisha nikaliteremsha pazia shimoni, upande wa kwa Mzee, kwa urefu wake wote.

Watu walipokwenda kula nilibaki. Mvua ilikuwa inagonga lile bati jipya. Nilisimama katikati ya makaburi mawili, mahali pangu pa zamani, nikageukia kaburi la Mzee Ambakisye.

"Mzee," nilisema, "ni mimi kuku. Nimerudi na jibu. Mwenye jiko anasema naye hakukuona. Anasema moshi wa ubani ulimjaa machoni."

Kisha nikakaa kimya kidogo, kama ilivyo kazi ya anayetumwa, nikasubiri.